Nilipita Kushoto, Akaomba Radhi Yeye

Mama Theresia, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Hjulsta, jarida la umoja wetu nalipata kila mwezi kwenye sanduku la barua na huwa naanza na ukurasa wako kabla hata sijavua koti, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia nikisema hawa watu vipi, mambo wazi namna hii mpaka waulize, sasa leo zamu yangu imefika na nakuomba usinicheke, au unicheke kidogo tu halafu unisaidie. Jina langu nimeliandika kwenye karatasi ya pembeni kwa ajili yako peke yako, tafadhali usilichapishe, maana hapa Stockholm tunaozungumza Kiswahili ni wachache, ukikohoa Hjulsta mtu wa Hallunda anakuuliza kama umepona.

Nina miaka ishirini na minne, kwetu ni Bukoba, nilikuja huku mwaka juzi, 1971, kwa ufadhili wa kujifunza kazi ya maabara, na naishi na dada mmoja Mganda anaitwa Robinah ambaye anafanya usafi kwenye ofisi za mjini. Kutoka hapa kwenda kupanda treni pale stesheni ya Spånga mimi hutumia baiskeli, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Unajua kwetu tunapita kushoto na huku wanapita kulia, basi siku za mwanzo mikono yangu yenyewe ilikuwa inanipeleka kushoto, nikisahau nasahau kabisa, lakini baadaye, Mama, sikuwa nasahau tena, nilikuwa nafanya makusudi, kwa sababu nikipita kulia magari yananijia kisogoni na shingo inakaza kwa hofu, ila nikipita kushoto nayaona yanakuja usoni, najua hili kubwa, hili dogo, hili dereva wake bado ana usingizi. Robinah alinionya mara nyingi kwamba nitakuja kuua au kuuawa, nami nikamjibu kwa kiburi kwamba gari la mbele nitalikwepa, la nyuma nitalikwepaje? Nilijiona nimesema neno la hekima kweli kweli. Magari nilikuwa nayaangalia, wenye baiskeli wenzangu wala sikuwafikiria.

Ijumaa moja mwezi wa nne mwaka huu, saa moja asubuhi, theluji imeshayeyuka lakini zile kokoto wanazomwaga barabarani wakati wa baridi watu wasiteleze zilikuwa bado hazijazolewa, nilikuwa nateremka kuelekea stesheni, nimechelewa, nimebana upande wa kushoto kando ya ua wa miti wa nyumba moja ambao unaficha kona, na pale kwenye kona akatokea bibi mmoja wa Kiswidi juu ya baiskeli yake, anapita upande wake kabisa, polepole, na kikapu mbele. Sikuwahi hata kupiga kengele. Magurudumu yaligongana, mimi nikaangukia baiskeli yangu nikachunika magoti, yeye akarushwa katikati ya barabara, kichwa kikagonga chini na mkono wa kulia ukavunjika karibu na kiganja, niliusikia ulivyolia, Mama, mpaka leo nausikia. Mwenye duka la mikate alitoka mbio akaita gari la wagonjwa. Baiskeli zetu zilikuwa zimelala katikati zimeshikana, hakuna mtu ambaye angeweza kusema nani alitokea upande gani, na polisi alipofika akaniuliza, nikamjibu kwa Kiswidi changu kibovu kwamba sijui. Nilijua vizuri sana, na yeye akaandika hivyo hivyo kwamba sijui, akaenda zake.

Siku ya nne nikanunua maua, nikatunga sentensi ya Kiswidi ya kukiri kosa langu, nikaikariri njia nzima, nikaenda hospitali. Bibi yule anaitwa Signe, ana miaka sabini na moja, nilimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta ngumu mpaka kiwikoni na paji la uso limevimba, na kabla sijafungua mdomo akanishika kwa ule mkono wake mzima, machozi yanamtoka, akaniambia taratibu ili nielewe:

“Nisamehe, mwanangu. Nadhani nilirudi upande wa zamani.”

Wewe Mama unajua habari hii, lakini kwa wale waliokuja juzi juzi niseme kwamba Waswidi nao walikuwa wanapita kushoto kama sisi, mpaka mwezi wa tisa mwaka 1967 nchi nzima ikahamia kulia kwa siku moja. Bibi Signe alikuwa ameendesha baiskeli kushoto tangu utotoni, zaidi ya miaka hamsini, na baada ya kuhama alikuwa akiogopa kwamba iko siku atasahau, hata akafunga uzi mwekundu wa sufu kwenye usukani upande wa kulia umkumbushe. Sasa kichwa kiligonga chini, ajali yenyewe haikumbuki, anakumbuka kutoka nyumbani kwake na kuzinduka ndani ya gari la wagonjwa, na hapo katikati pasipo kitu akajaza lile jambo aliloliogopa siku zote.

Na mimi pale ndipo nilipofanya kosa la pili ambalo naliona ni kubwa kuliko la kwanza. Kwetu mtu mzima wa umri wa bibi yako hakuombi radhi, na ikitokea akajishusha hivyo wewe mdogo unamdaka upesi kabla hajafika chini, unapiga magoti unasema hakuna neno, bibi, hakuna neno, na hapo hujafikiria kama ni kweli au uongo, ni adabu tu, ndivyo tulivyolelewa. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, wauguzi wananishangaa, nikamwambia kwa Kiswidi kwamba hakuna neno. Mdomo ulisema wenyewe. Na baada ya hapo ile sentensi niliyoikariri ikakosa pa kuingilia, maana ukishasema hakuna neno ndiyo umesamehe, na ukishasamehe umekubali kwamba wewe ndiye uliyekosewa.

Alipotoka hospitali nikaanza kwenda kwake kila Alhamisi kumsaidia, maana kwa mkono mmoja hawezi kukamua nguo wala kuchana nywele, na anaishi peke yake pale Spånga kwenye kijumba cha mbao alichojenga marehemu mumewe, uani kuna mitufaa miwili. Tunapika pamoja supu ya njegere za manjano na chapati za maji, Waswidi Alhamisi hicho ndicho chakula chao, ananisahihisha Kiswidi changu na mimi namfundisha kusema asante na karibu, namchana nywele, ananiita binti yangu, na mimi nimempenda, Mama, sisemi hivyo kwa sababu ya dhambi, nimempenda kweli, Alhamisi naingoja tangu Ijumaa.

Lakini naona ninavyommaliza. Tangu ajali ile hajiamini tena. Anarudi jikoni mara tatu kuangalia kama amezima jiko. Amebandika vikaratasi kila mahali, nimemeza dawa, nimefunga mlango, leo ni Jumatano. Akinisimulia jambo anakatisha katikati ananiuliza, hivi hili nimeshakusimulia? Na kweli hajanisimulia. Huyu ni mtu ambaye nimeambiwa na jirani yake kwamba alikuwa akijaza fumbo la maneno la gazeti kwa wino, hafuti hata herufi moja. Mwanawe wa pekee, Lennart, anakaa Västerås na huja kila Jumapili, si mtu mbaya, anamwonea mama yake huruma, lakini ile habari ya baiskeli ameishika kama ushahidi, anasema mtu aliyesahau upande wa barabara kesho atasahau moto, na amemtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee huko huko Västerås kuanzia tarehe mosi Septemba, na kijumba kitauzwa. Bibi Signe amekubali. Hakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alhamisi iliyopita akanipeleka bandani nyuma ya nyumba akanikabidhi baiskeli yake, gurudumu limeshanyooshwa na ule uzi bado upo, akaniambia ichukue wewe, mimi sasa ni hatari kwa watu. Nikaipokea, Mama. Ipo hapa koridoni, nimeifunika shuka kwa sababu siwezi kuitazama.

Robinah anasema ninyamaze. Yeye alitoka Kampala mwaka jana na mfuko mmoja mkononi, kwake polisi ni polisi tu, anasema jina likishaingia kwenye karatasi zao halitoki, nitanyang'anywa ufadhili nirudishwe nyumbani bila cheti, na tena anasema bibi wa watu ameshamaliza maneno mwenyewe, mimi nachokonoa nini. Naogopa, sitaki kujifanya shujaa, lakini ninachokiogopa zaidi ni uso wake. Kwetu ukimkosea mtu mzima huendi peke yako, unatafuta mtu mzima mwenzake akutangulie, aingie kwanza, aseme nimekuletea mtoto wako ana neno, halafu na wewe unaingia umeinama, sasa mimi hapa Stockholm nimtangulize nani? Robinah ana miaka ishirini na sita. Kila Alhamisi nafika mlangoni nimejiandaa, anafungua, anatabasamu, na jioni narudi na mzigo wangu kama nilivyokwenda nao, na chapati juu.

Nifanyeje, Mama? Nimwandikie barua isiyo na jina? Nimwache ahame, niwe naenda kumsalimia huko Västerås mpaka Mungu atakapomchukua? Au niseme, halafu nimpoteze mtu pekee katika nchi hii anayeniita binti?

Ni mimi niliyenyamaza,
Hjulsta, tarehe 6 Agosti 1973

*

Marahaba, mwanangu.

Nimekucheka kidogo kama ulivyoomba, pale kwenye dereva mwenye usingizi. Baada ya hapo sikucheka. Nilitua kikombe nikasoma mara ya pili nimesimama.

Tuanze na barabara, maana hiyo ni rahisi, na kukugombeza juu yake hakunipi shida. Wewe ni mtu wa maabara. Ukipewa utaratibu kwamba damu ya mgonjwa huyu inakaa chupa hii, utaihamisha kwa sababu jicho lako linapenda chupa ile? Gari la mbele utalikwepa, sawa. Na yule anayekuja na baiskeli yake, ametulia, anajua upande huu ni wake, yeye akukwepe wewe kwa miujiza gani? Ulitaka kuona, ukasahau kwamba na wenzako wana haki ya kutokutana na wewe kwenye kona. Mimi nilikuwapo hapa mwaka 1967. Niliwaona vikongwe wenye fimbo wanajifunza upya kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, wanacheka wenyewe, wanashikana mikono. Kama wao waliweza kuanza upya katika uzee, wewe mwenye miaka ishirini na minne na miguu mizima unadai shingo inakaza. Kuanzia kesho unapita kulia. Ukiogopa, shuka usukume, hakuna aliyekufa kwa kusukuma baiskeli. Hilo limekwisha.

Sasa habari ya bibi. Hapa kaa chini.

Kupiga kwako magoti pale hospitali sikulaumu. Na mimi ningepiga magoti. Mtu wa umri ule akikuomba radhi mwili unakwenda wenyewe, hakuna kujadili. Lakini ulikosea kitu kimoja ambacho waliokulea walikuonyesha na hukukitazama vizuri. Kwetu hakuna neno ni maneno ya kumwinua mtu aliyejishusha, akishainuka mnaketi na neno lenyewe linasemwa. Wewe ulisema hakuna neno ukaondoka. Kisha ukarudi Alhamisi ukamwoshea vyombo. Ukarudi tena ukamchana nywele. Miezi minne, mwanangu, unamhudumia kwa mikono na unamwacha aamini kwamba akili imemtoka. Najua unampenda, barua yako yote inanukia hivyo. Ila upendo wako umekuwa wa kukufariji wewe, na yeye anaendelea kubandika vikaratasi.

Unadhani deni lako ni ule mkono. Mkono umeunga, na mkono wa mtu mzima hata akiuvunja kwenye ngazi yake mwenyewe utaunga. Anachokosa ni kujua kwamba asubuhi ile aliamka na akili zake, akatoka na akili zake, akakaa upande wake. Hilo halijui mtu yeyote duniani isipokuwa wewe. Mwanawe hawezi kumwambia, daktari hawezi kumwambia. Umelikalia peke yako.

Barua isiyo na jina, hapana. Mtu anayejiuliza kama leo ni Jumatano ukimpa barua isiyo na jina atasema ameiota, au mwanawe atasema kaiandika mwenyewe.

La kumsalimia Västerås mpaka Mungu amchukue nimelisoma nikakasirika, kwa hiyo naliruka.

Robinah nisalimie sana. Yaliyompata sikuyaona na hofu yake siichezei. Lakini mwambie kwamba hapa amekuogopea wewe, akamsahau mwenye kijumba. Kuhusu polisi sikudanganyi kwamba hawatafanya kitu, mimi ni mkunga, si mwanasheria. Huenda wakakuonya, huenda wakakutoza faini. Wewe nenda kituoni mwenyewe, baada ya bibi kuwa amesikia, useme ulisema hujui na ulikuwa unajua. Anayekuja kwa miguu yake husikilizwa tofauti na anayeletwa. Na tuseme mabaya kabisa yatokee, urudishwe. Bukoba ipo, na nyumbani kwenu mlango uko wazi. Bibi Signe akishahamishwa na kile kijumba kikauzwa, yeye atarudi wapi?

Basi sikiliza utakavyofanya, na usipunguze hata kimoja.

Nenda Alhamisi hii. Usiseme ijayo, ijayo utapika tena chapati. Baiskeli yake irudishe, uisukume kwa mkono toka Hjulsta mpaka mlangoni, na shuka yako ibaki nyumbani.

Ukiingia usianze kwa kuomba msamaha. Nasema tena, maana najua ndicho kitakachokutoka kwanza: usianze kwa kuomba msamaha. Ukisema nisamehe, yule mama kwa upole wake atafanya kama ulivyofanya wewe, atakudaka, atasema hakuna neno, mtakuwa wawili mnaosema hakuna neno na neno lipo pale pale mezani. Sema sentensi tatu. Wewe ulikuwa kulia. Mimi nilikuwa kushoto. Nilijua tangu siku ile ile. Zitafsiri leo kwa Kiswidi, mwambie mwalimu wako azisahihishe, uziseme mbele ya Robinah mpaka zitoke bila kukwama. Ukishazisema, nyamaza. Akikufukuza, toka, ana haki. Akilia, mwache alie, usimkimbilie na kitambaa. Akikuuliza, jibu alilouliza tu.

Msamaha uombe baadaye, akiwa ameshamaliza kulisikia lake. Na ukiomba asikupe, mwanangu, rudi nyumbani ukalale, utaendelea kuishi. Wapo watu wanaoishi bila kusamehewa na bado wanafanya kazi nzuri. Ila sitaki uende kule kwa hesabu ya kutompoteza. Ukienda na hesabu hiyo mdomo utapinda tena mlangoni.

Jumapili rudi, Lennart akiwapo, umwambie na yeye maneno yale yale. Umwambie mama yake akiwa ameketi hapo hapo, msimjadili kama mgonjwa aliye chumba cha pili. Na umweleze kwamba vikaratasi vile na kulirudia jiko vilianza baada ya ajali, kwamba mama yake alianza kujishuku kwa sababu ya uongo wako. Kama baada ya kusikia hayo yeye na mama yake bado wataona ni vema ahame, basi ahame kwa kuamua wao wenyewe. Usiingilie tena.

Umeniuliza umtangulize nani. Swali hilo ndilo lililonifanya nisimame na barua yako. Umekaa miaka miwili katika mji huu, kila mwezi unasoma ukurasa wangu, na hukuwaza kwamba nina miguu? Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, mvi ninazo za kutosha, na Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko. Natoka Hallunda, ni safari, kwa hiyo usichelewe. Saa nane mchana nitakuwa stesheni ya Spånga, nimefunga kilemba cha kijani. Nitaingia kwanza kama inavyopaswa. Nitamwambia mwenye nyumba kwamba nimekuletea mtoto wako, ana neno. Zaidi ya hapo sitatia hata herufi, hata ukizimia.

Kula kitu asubuhi kabla ya kutoka, usije ukaanguka njiani tukawa na ajali ya pili.

Mama Theresia

*

Kwa wasomaji: jibu hili nililituma kwa posta Jumanne ile ile barua ilipofika, ndiyo maana mnalisoma Septemba wakati mambo yameshapita. Nachapisha yote mawili kwa ruhusa ya binti, na kwa ruhusa ya bibi Signe, ambaye alisema jina lake libaki, kwamba hana haja ya kufichwa.

Alhamisi tulikwenda. Nilisema langu mlangoni, nikapewa kiti karibu na dirisha, nikakaa. Binti alibaki amesimama. Alizisema sentensi zake tatu, hakukwama, na hakuomba kitu. Bibi Signe alimtazama usoni, nikadhani Kiswidi cha mtoto hakijaeleweka. Uso wake ulikuwa mgumu na mimi nilianza kuogopa. Kisha akauliza, “Kwa hiyo nilikuwa kulia?”

Binti akasema ndiyo.

“Nilikuwa kulia,” akasema tena, na safari hii hakuwa anauliza. Akainuka, akaenda kwenye simu ukutani, akazungusha namba ya mwanawe yote kwa kichwa bila kutazama kitabu, na wakati simu inaita Västerås, akamwashiria binti aketi.